Ufukwe Mtupu Haumtulizi Kila Mtu

Programu nyingi za kutuliza moyo nilizowahi kuzivaa kwa miwani ya VR, ile inayokuingiza ndani ya dunia ya kuchorwa, huanzia pahala pamoja: ufukweni. Mchanga mweupe, mnazi ulioinama, jua linazama, na hakuna mtu. Sauti ya kike inakwambia uvute pumzi, uishushe polepole. Ukigeuka nyuma hakuna nyumba, hakuna watoto wanaocheza mpira, hakuna ngalawa iliyopandishwa juu, hakuna hata paka. Aliyeijenga amedhani kwamba utulivu ni kile kinachobaki watu wote wakishaondolewa.

Mie ni mtu wa Unguja, na kazi yangu ni kujenga mandhari za VR: ile mitaa, miti, bahari na sauti unazozikuta ukishavaa miwani. Ufukwe ule naujua. Unafanana na Paje, unafanana na Kiwengwa, na sitashangaa kama aliyeuchora alianzia kwenye picha za huku kwetu. Lakini kwetu mtu kukaa peke yake pwani saa ya magharibi ni jambo la kuulizwa. Saa ile watoto huitwa ndani, wakubwa wanatia udhu, na anayebaki mchangani peke yake ama ana nyavu zake ama ana lake. Mama yangu mkubwa nilipomvalisha programu moja ya namna hiyo, haikupita dakika akauliza: "Watu wa hapa wamekwenda wapi?" Hakuwa akitania. Alivua miwani, akanirudishia, akaenda kusali.

Na ukiitaka Paje ya kweli, nenda maji yakiwa yametoka wakati wa bamvua. Utawakuta wanawake wameinama kwenye vigingi na kamba za mwani, kazi iliyoanza pwani ile mwishoni mwa miaka ya 1980, jua la mchana mgongoni na maji ya chumvi magotini. Mwambie mmoja wao afumbe macho aiwaze bahari ili apumzike. Atakuonea huruma.

Ninalolisema ni la ufundi khasa. VR inafanya kazi kwa kuudanganya mwili, na mwili una masharti yake. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, kule Marekani, alionyesha chombo cha kuvaa kichwani kilichohitaji kuning'inizwa darini. Kilichoonekana ndani yake kilikuwa mistari tu, umbo la mchemraba likielea hewani. Lakini mtu akisogea pembeni aliuona ubavu wa mchemraba ule, na hapo ndipo habari yote ilipoanzia. Miwani ya leo hubadilisha picha mara 72, 90 au zaidi kwa sekunde, na mafundi tunapigana ili muda kati ya kugeuza kichwa na picha kugeuka usizidi milisekunde 20 hivi. Ukizidi, macho na sikio la ndani huanza kupingana, na mtu hushikwa na kichefuchefu.

Hilo ni sharti la kwanza, na viwanda vimeshalimaliza kwa kiasi kikubwa. La pili ni gumu zaidi. Mtafiti Mel Slater, katika andiko lake la mwaka 2009, alitenganisha mambo mawili ambayo wengi tunayachanganya: hisia kwamba upo pahala pale, na kukubali kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli. La kwanza linategemea vifaa. La pili linategemea yale mtu anayoyajua kuhusu dunia kabla hajavaa miwani. Mama mkubwa alikuwa yupo ufukweni, miguu yake ilishaamini. Alichokikataa ni pwani isiyokuwa na wenyewe.

Kwamba kinachotazamwa huugusa mwili, hilo lina ushahidi wa zamani. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, nusu yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitali mapema zaidi na walitumia kwa uchache dawa kali za maumivu. Utafiti huu hutajwa kila panapouzwa mandhari ya kijani. Kinachorukwa ni tahadhari ya Ulrich mwenyewe: ukuta ule ulikuwa mtupu mno, na kwa mgonjwa aliyekosa cha kumshughulisha kwa muda mrefu, dirisha la mtaa wenye pirikapirika huenda likamfaa kuliko la miti. Sentensi hiyo ningependa ibandikwe juu ya meza ya kila anayechora ufukwe.

Kuna kazi nyengine ninayoiheshimu sana, ya Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Miaka ya 1990 walianza kuwavalisha miwani wagonjwa walioungua wakati vidonda vyao vinasafishwa, saa ambayo hata dawa kali haitoshi. Katika mandhari waliyoijenga baadaye, mgonjwa alikuwa akipita katika bonde la barafu, akiwarushia madonge ya theluji pengwini na watu wa theluji. Wagonjwa walisema maumivu yamepungua. Sababu kubwa ni kwamba akili ya mtu ina nafasi yenye mpaka, na ikishughulika na pengwini haibaki na nafasi nyingi ya kulisikiliza jeraha. Theluji ilichaguliwa kwa kuwa ni kinyume cha moto. Lakini mtoto wa Micheweni, Pemba, theluji ameiona kwenye televisheni tu. Baridi yake yeye ni mvua ya masika inayopiga juu ya bati, maji yakishuka kwenye kuta na kila mtu amejikunyata ndani akingoja uji. Ningepewa kazi ile huku kwetu, ningeanzia hapo, na pengwini ningewaacha Seattle.

Basi nilipoamua kujenga mandhari ya kupumzikia kwa ajili ya kina mama wa rika la mama mkubwa, nilijenga uani. Si uani wa jumba la kifahari la Mji Mkongwe. Uani wa kawaida wa Ng'ambo: ukuta wenye rangi iliyobabuka, mdimu, kamba ya nguo, ndoo, jamvi. Mvaaji anakaa juu ya jamvi. Upande wake wa kulia wamekaa wanawake wawili wanasuka ukili, ule mkanda wa majani wa kushonea mikeka, wamempa ubavu, hawamtazami. Hilo la kutotazamwa lilinichukua muda kulielewa. Mtu wa kuchorwa akikukodolea macho ndani ya VR, unahisi unahojiwa. Akikaa karibu yako ana shughuli zake, unahisi umepokewa.

Pumzi nayo ilinisumbua. Programu nyingi hukuonyesha mpira unaovimba na kunywea, uvute nao na ushushe nao, kwa mwendo wa takriban pumzi sita kwa dakika, ambao umechunguzwa vya kutosha kwamba huusaidia moyo kutulia. Kina mama waliona mpira wakacheka. Nikauondoa, nikaupeleka mwendo ule ule kwenye mikono ya wale wasukaji: mkono unakwenda, unarudi, ukili unavutwa, unapumzika. Hakuna anayekwambia upumue. Lakini ukikaa karibu na mtu anayesuka kwa mwendo huo, baada ya muda kifua chako kinamfuata chenyewe.

Nilitaka pia mvaaji asuke mwenyewe, na hapo teknolojia ikagoma. Kamera za miwani hufuatilia vidole vizuri vikiwa wazi, lakini vidole vikipishana na kufichana, kama vinavyofanya katika kusuka, zinapotea kabisa na mkono wa kuchorwa unaanza kujikunja vibaya. Ufumbuzi haukutoka kwangu. Bibi mmoja jirani aliniambia, "Mwanangu, nani anautazama ukili? Nipe miyaa yangu." Akavaa miwani, akashika miyaa ya kweli, akasuka bila kuiona, huku macho yake yako uani na mikono iko kwenye mapaja yake. Mikono ya kuchorwa nikaifuta. Kitu cha kweli mkononi kinafanya kazi ambayo hakuna picha itakayoifanya.

Ukiniuliza nguvu ya mandhari hii iko wapi, sitakutajia picha. Iko masikioni. Picha za miwani bado zina mipaka, ukitazama vizuri unaona ukuta ni wa kuchorwa. Sauti iliyonaswa vyema kwa vinasa viwili vilivyowekwa pale masikio ya mtu yalipo haina mpaka huo. Ndara zikiburuzwa nyuma yako, unageuka. Nimenasa mchi na kinu, redio ya jirani, kuku, mlango wa bati, mtu akikohoa nyumba ya tatu. Kilichoniumiza kichwa ni mazungumzo. Ukiweka watu wanaoongea maneno ya kusikika, msikilizaji anafuata umbea na hapumziki. Atataka kujua nani kaachwa. Ukiweka maneno ya kubuni yasiyo na maana, anajua anafanyiwa mchezo. Mwisho niliwaweka wanaoongea nyuma ya ukuta. Sauti inapita, maneno hayapiti. Unasikia mwendo wa Kiunguja, kupanda na kushuka kwake, kicheko, "ati wee," na basi.

Mwendo wa Kiunguja nao haumfai kila mtu. Mtu wa Wete, Pemba, alikaa kimya ndani ya uani wangu, akavua, akasema, "Hapa mjini." Alikuwa sahihi. Hakuwa amemwona mtu wala kusikia neno zima, lakini lafudhi ilishamwambia kwamba hayupo kwao. Uani wa Pemba sasa una sauti zake, zilizonaswa Pemba, msimu wa karafuu, watu wamekaa jioni wanachambua karafuu na makonyo. Karafuu zenyewe tunaziweka kwenye sahani karibu na kiti. Harufu haiwezi kutoka ndani ya miwani, lakini hakuna sheria inayokataza kuweka sahani mezani.

Adhana ni suala la peke yake. Ukinasa sauti Unguja kwa saa moja, adhana itaingia tu. Mwanzo niliiacha, nikiamini kwamba inaleta utulivu, na kweli inaleta. Shida ni kwamba adhana ni wito, na Muislamu akiusikia anauitikia. Kina mama walikuwa wanaikatiza mandhari, wanavuta mitandio vizuri, wanajibu maneno ya muadhini, kisha wanauliza saa ngapi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kumwitia mtu sala kwa saa isiyokuwa yake ili ajisikie vizuri ni jambo ambalo dhamiri yangu ilikataa, na maalim niliyemuuliza naye hakulipenda. Nimeikata. Kilichobaki ni ule muda baada ya sala, viatu vinavaliwa, watu wanasalimiana nje. Watu wanajua ni saa gani bila kuambiwa.

Kuhusu kuvaa kwenyewe nitasema kwa kifupi, ingawa kwa uzoefu wangu ndiko kazi nyingi zinakofia. Mkanda wa miwani umetengenezwa kwa kichwa kisichofunikwa. Juu ya mtandio unateleza, na ukiukaza unavuta mtandio nyuma. Wanja unaishia kwenye sponji ya uso, na sponji hiyo anasubiri kuivaa mtu mwengine. Joto la Februari linatia ukungu kwenye vioo. Yote hayo yana dawa: kitambaa cha pamba chini ya mkanda, sponji za kubadilisha, feni. Lisilokuwa na dawa ya vifaa ni kwamba mie mwanamume siwezi kumshika mwanamke kichwa nimrekebishie miwani, wala siwezi kutarajia atulie hali amefungwa macho na mwanamume asiyemjua amesimama pembeni. Dada yangu ndiye anayekaa nao chumbani. Mie niko nje na kompyuta. Kuna vitabu vizima vya usanifu wa VR vinavyoeleza namna ya kumfanya mtu ajihisi salama kwa rangi na mwanga, lakini kwetu usalama unaanza na kujua nani yumo chumbani.

Sasa boti.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Sidhani kama ipo familia ya Kipemba isiyokuwa na jina la mtu katika msiba ule wa kwanza, ndugu, jirani au mwalimu wa skuli. Boti za leo ni nyengine na taratibu ni nyengine, lakini wapo watu ambao hadi hii leo wakikata tiketi usiku wake hawalali, na wapo ambao hawavuki kabisa. Mwenye uwezo atapanda ndege. Asiyekuwa nao anakosa Idi ya kwao, anakosa harusi, na mara nyengine anakosa maziko.

Muuguzi mmoja wa afya ya akili, mama mtulivu mwenye maneno machache, ndiye aliyenijia na jambo hili. Alinieleza kwamba hofu ya namna hii hulishwa na kukwepa: kila ukikwepa boti unapata nafuu ya siku moja, na akili inajifunza kwamba kukwepa ndiko kulikokuokoa. Tiba inayojulikana ni kukikaribia kinachoogopwa kidogokidogo, kwa hatua ambazo mtu mwenyewe amezikubali, hadi mwili uchoke kuogopa. VR imefanya kazi hii zamani. Barbara Rothbaum na wenzake walichapisha mwaka 1995 jaribio la wanafunzi wa chuo wanaoogopa kimo, ambao ndani ya miwani walipitishwa kwenye madaraja, roshani na lifti ya kioo. Mwaka 2018 timu ya Daniel Freeman wa Oxford ilitoa matokeo ya watu 100 wenye hofu hiyo hiyo. Waliopewa miwani waliongozwa na mshauri wa kuchorwa tu, ndani ya jengo la ghorofa kumi, na mojawapo ya kazi zao ilikuwa kumwokoa paka juu ya mti. Hofu yao ilishuka kwa wastani wa asilimia 68.

Matokeo mazuri sana, na muuguzi aliyasoma kwa makini kuliko mie. Watu wale, alisema, wengi wao hawajawahi kuanguka kutoka ghorofani. Sisi tunayoiogopa imetokea, ina tarehe na ina makaburi. Kwa hiyo akaweka sharti: aliyekuwemo ndani ya meli ile, au aliyekwenda kutambua maiti, hagusi miwani yetu. Hao wana tiba yao, na mtaalamu wao, na chumba chao. Sisi tutashughulika na wale wa pembeni, ambao hofu imewafikia kwa kusimuliwa na imekaa. Mie ni fundi wa mandhari, si mganga, na nilifurahi kupangiwa mpaka na mtu anayeujua.

Boti tuliyoijenga haizami. Haina usiku, haina dhoruba, haina ving'ora. Hatua ya kwanza ni bandarini Malindi, kusimama tu kwenye foleni na kapu. Ya pili ni kukaa ndani boti imefungwa gatini. Hapo tumeweka kituo ambacho programu nyingi hazina: kungoja. Boti haiondoki mpaka mvaaji mwenyewe aseme tayari. Tulidhani watautumia muda huo kutazama huku na huku. Wanautumia kusoma dua ya safari. Hatukuipanga iwe hivyo, na sasa tumeilinda, hata injini tumeipunguza sauti pale.

Tatizo la kiufundi lilikuwa la kuchekesha mtu asiyehusika. VR yenyewe inatia kichefuchefu ikikosewa, na bahari inatia kichefuchefu hata isipokosewa. Kumweka mtu ndani ya miwani kisha kuyumbisha dunia yote inayomzunguka ni njia ya haraka ya kumtapisha, kwa sababu macho yanaona mayumbo na sikio la ndani linasema umekaa kwenye kiti cha plastiki Mwanakwerekwe. Dawa inayojulikana ni kumpa macho kitu kisichosogea. Basi chumba cha boti, viti, sakafu na dari vyote vimetulia kabisa. Kinachopanda na kushuka ni upeo wa bahari dirishani, na kwa kiasi kidogo sana. Mengine yote yanabebwa na sauti: mlio wa injini, mlango unaogongagonga, maji yakipiga ubavu. Feni tunaiwasha kumpiga usoni, maana upepo hupunguza kichefuchefu. Na mkononi tunampa ndimu. Kila anayevuka anajua kazi ya ndimu.

Kisha likaja suala la abiria, na hapa uani wangu haukunisaidia. Kule nilijifunza kwamba watu hutuliza, kwa hiyo nilitaka boti iwe na watu: mama na mtoto mchanga, wanafunzi, mzee anayesoma Kur'ani kwa sauti ya chini, kijana anayelala kabla hata boti haijaondoka, mhudumu anayegawa vifuko vya kutapikia, televisheni inayoonyesha filamu ambayo hakuna anayeitazama. Boti tupu haikubaliki, kila tuliyemuuliza alisema ni boti ya mashetani. Lakini nilipoijaza, mvaaji mmoja alianza kuhesabu vichwa. Kujaa kwa watu ndiko khasa kulikoizamisha ile ya 2011. Watu wale wale wanaotuliza, wakizidi, wanageuka kuwa hofu yenyewe.

Tulikaa na muuguzi tukahesabu viti. Kila abiria ana kiti chake. Hakuna aliyekaa chini, hakuna magunia njiani, hakuna godoro lililoegemezwa mlangoni. Viti vichache viko wazi, na vimetawanyika, ili jicho la mwenye hofu livione popote litakapotazama. Maboya yako juu, yanaonekana. Si boti ya Zanzibar ya siku ya mkesha wa Idi, hilo nakubali, na wenye kujua watatucheka. Kwa mwenye hofu, viti vitupu vile ndivyo vitu vya kwanza anavyovitazama.

Boti ikishaondoka unaiona pwani ya Mji Mkongwe ikipita dirishani, na hapo nilipata mtihani nisioutarajia. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale linalotazama bahari, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafariki. Sasa uchore pwani ipi? Nikiuweka mnara, kijana atasema picha ni ya zamani. Nikiuondoa, mtu mzima atakayetazama dirishani ili atulize roho ataona pengo, na atakumbushwa kwamba vitu huanguka. Nilimuuliza muuguzi, akasema anayejifunza kuvuka leo avuke leo. Mnara haupo. Kuna jukwaa la ujenzi. Wazee wanaguna kidogo, kisha wanaanza kubishana saa ile ilikuwa inaonyesha saa za Kiswahili au za Kizungu, na kwa muda huo wameisahau boti. Ningejua, ningelipanga.

Baada ya hapo ni Bububu, Mangapwani, na kwa mbali Tumbatu. Na baada ya Tumbatu ni Nungwi, ambapo mie na muuguzi hatujaelewana.

Yeye anataka mkondo uwemo. Anasema hofu ya watu hawa ina anuani, na anuani yake ni pale; ukimpitisha mtu njia nzima ukamrukisha Nungwi, umemfundisha kukwepa kwa gharama kubwa. Mie nimeujaribu mkondo ndani ya programu, kwa upeo wa dirishani kupanda zaidi na sauti kuwa nzito, na baadhi ya wavaaji wametoka jasho wakashika tumbo. Hapo ndipo ninapokwama. Moyo kwenda mbio, jasho la baridi, tumbo kuvurugika: dalili za hofu na dalili za kizunguzungu cha VR ni hizo hizo. Mtu anayeumwa kwa sababu ya miwani yangu ataondoka akiamini kwamba ameumwa kwa sababu ya Nungwi, na hofu tuliyokuja kuipunguza tutakuwa tumeithibitisha. Yeye ananijibu kwamba hiyo ni kazi ya fundi kuimaliza. Mie namjibu kwamba fundi bado hajaimaliza. Nimeshakubaliana na nahodha mmoja nikanase sauti ya mkondo wakati wa kusi, labda sikio litabeba yale ambayo dirisha haliwezi kuyabeba.

Kwa sasa basi boti yetu ikifika usawa wa Tumbatu inageuza, inarudi Malindi. Tumeandika taarifa mwanzoni kueleza hivyo, lakini hakuna anayesoma taarifa. Wiki iliyopita mama mmoja wa Mkoani, bandari ya Pemba, aliyefika hatua ile bila kuomba isimamishwe hata mara moja, aliiona Tumbatu inahamia dirisha la upande wa pili. Akavua miwani, akamtazama dada yangu.

"Sasa nauli yangu ya Mkoani," akasema, "nani atanirudishia?"